Mashine ya Figo na Kikao cha Ukoo



Barua ya wiki hii imetoka kwa mama mmoja wa Muheza. Mumewe ni fundi seremala. Amekuwa na presha kwa miaka mingi, na mwezi uliopita daktari amemwambia kwamba figo zake zimepungua nguvu sana, na kwamba huenda siku za mbele akahitaji mashine ya kusafisha damu. Mama huyu anauliza maswali mawili. La kwanza, mtu akishawekwa kwenye mashine hiyo, hupona? La pili ameliandika chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo, kana kwamba anaona haya kuliuliza: ni kweli kwamba mgonjwa wa mashine hafi kwa ugonjwa, bali hufa siku ile jamaa zake wanapochoka?

Swali la kwanza nitalijibu hapa hapa. Haponi. Mashine hufanya kazi ya figo kwa muda wa saa nne hivi, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na mgonjwa akishashuka tu, uchafu huanza tena kujikusanya katika damu. Sehemu ya figo iliyokwisha kufa hairudi. Lakini wako watu walioishi na mashine hii miaka kumi, wengine ishirini, wakifanya kazi na kulea watoto wao.

Swali la pili, mama, limenigusa mahali. Nitalijibu, lakini nipe kwanza nafasi nipite njia ndefu kidogo, kwa sababu swali hilo lina historia yake, na historia yenyewe si ya Muheza peke yake.

Mwaka 1827 daktari Mwingereza aitwaye Richard Bright, wa hospitali ya Guy's mjini London, alichapisha kitabu juu ya wagonjwa aliowaona wakiwa wamevimba miguu na nyuso. Alikuwa na kipimo chake cha ajabu kwa wepesi. Alichukua mkojo wa mgonjwa katika kijiko, akaushika juu ya mshumaa. Mkojo wa mgonjwa wa namna ile ukipata moto ulikuwa unaganda, kama vile ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango. Nao wagonjwa walipofariki na kupasuliwa, Bright alikuta figo zao zimeharibika. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada yake, ugonjwa huu uliitwa kwa jina lake.

Kilichokuwa kikiganda katika kijiko ni protini. Figo ina ukubwa wa ngumi tu, lakini ndani yake mna vichujio vidogo mno karibu milioni moja. Vikiwa vizima, hupitisha uchafu na maji ya ziada, na kuzuia protini isitoke. Presha ya juu na kisukari huvichakaza vichujio hivyo kimoja kimoja, bila kelele. Hili ndilo linalowaponza watu wengi: mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya figo zake naye bado anapanda mnazi. Miguu ikianza kuvimba, chakula kikianza kumchukiza na usingizi kumkataa, aghalabu sehemu kubwa imekwisha kwenda. Ndiyo maana nasema kila siku, mwenye presha au kisukari apimwe mkojo na damu hata kama hajisikii chochote.

Bright alijua ugonjwa, lakini dawa hakuwa nayo. Wazo la kuisafisha damu nje ya mwili lilingoja. Mwaka 1861 mkemia wa Scotland, Thomas Graham, alionyesha kwamba vitu vidogo vilivyoyeyuka majini hupenya katika ngozi nyembamba na vikubwa hubaki. Mwaka 1913, kule Baltimore, Marekani, John Jacob Abel na wenzake walipitisha damu ya mbwa katika mirija ya namna hiyo, na ili damu isigande walitumia dawa iliyotoka kwenye ruba. Mwaka 1924 Georg Haas wa Giessen, Ujerumani, alijaribu kwa mwanadamu. Hao nawapita haraka, kwa sababu mtu ninayetaka mkae naye ni mwingine.

Mtu huyo ni Willem Kolff, Mholanzi. Mwaka 1938 alikuwa daktari kijana katika mji wa Groningen, naye akamwangalia mgonjwa wa miaka 22, mtoto wa mkulima maskini, akifa polepole kwa figo. Kijana akapofuka, akatapika, akafa. Kazi ya kumwambia mama yake ilimwangukia Kolff. Baadaye alisema kwamba ilimjia fikra moja ya hesabu tu: kama angeweza kuondoa gramu 20 za yurea kwa siku katika damu ya yule kijana, kijana angeishi.

Akaanza majaribio kwa kitu kilichokuwa kikiuzwa kwa watengeneza soseji: mirija ya selofani. Kisha vita vikaja. Wajerumani waliivamia Uholanzi mwezi Mei 1940, na mkuu mpya waliyemweka pale Groningen alikuwa mfuasi wa Wanazi. Kolff hakutaka kufanya kazi chini yake, akahamia katika hospitali ndogo ya mji wa Kampen. Huko, katika nchi iliyokaliwa na majeshi ya adui, alitengeneza figo ya bandia kwa msaada wa mkuu wa kiwanda cha vyombo vya enameli. Lilikuwa pipa la vipande vya mbao lililolala ubavu, limezungushiwa mita nyingi za selofani, likizunguka ndani ya beseni kubwa la maji ya chumvi. Namna ya kuunganisha mirija na pipa linalozunguka bila damu kuvuja aliipata kwenye pampu ya maji ya gari la Ford.

Mwezi Machi 1943 alimweka mgonjwa wa kwanza, mtumishi wa ndani wa miaka 29 mwenye ugonjwa sugu wa figo. Mashine ilifanya kazi. Damu ilisafishika, akapata nafuu. Lakini kila safari ilibidi mshipa mpya upasuliwe, na baada ya mara 12 hapakuwa na mshipa uliobaki. Akafariki. Katika wagonjwa 16 wa kwanza wa Kolff karibu wote walikufa. Nawaombeni mfikirie, ndugu wasikilizaji, moyo wa daktari anayezika hivyo na bado asubuhi anajaza beseni.

Aliyefuata ndiye aliyeokoka. Ilikuwa Septemba 1945, vita vimekwisha. Mgonjwa alikuwa mwanamke wa miaka 67, aliyetolewa gerezani akiwa hana fahamu. Gerezani alikuwa amewekwa kwa sababu wakati wa vita alikuwa upande wa Wanazi. Wako watu pale mjini ambao hawangelia hata kidogo kama angekufa. Kolff alimweka kwenye mashine, na baada ya saa kadhaa mama yule akafumbua macho. Inasimuliwa kwamba neno lake la kwanza lilikuwa kwamba sasa atamwacha mumewe, na kweli akamwacha. Aliishi miaka saba zaidi, na hakufa kwa figo.

Mkumbukeni mwanamke huyo. Nitamrudia.

Figo zake yeye zilikuwa zimesimama kwa muda tu, zikaamka. Kwa mwenye ugonjwa sugu, kama fundi wetu wa Muheza, tatizo la mishipa lilibaki vile vile hadi mwaka 1960. Katika mji wa Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner alikuwa amelazimika kumrudisha nyumbani mgonjwa ili akafe, ingawa mashine ilikuwapo na ilikuwa imempa nafuu. Jambo hilo halikumpa usingizi. Usiku mmoja akaamka na wazo: mirija miwili iachwe mkononi moja kwa moja, mmoja katika ateri na mwingine katika vena, na siku zisizo za mashine iunganishwe kwa kipande cha mpira wa Teflon, ambao damu haiushiki. Fundi Wayne Quinton akaitengeneza. Tarehe 9 Machi 1960 aliwekewa Clyde Shields, fundi wa mitambo wa kiwanda cha ndege cha Boeing, aliyekuwa na siku chache za kuishi. Aliishi miaka 11. Mwaka 1966 madaktari wa New York walipata njia bora zaidi, ya kuiunganisha ateri na vena chini ya ngozi ya mkono, na ndiyo inayopendelewa hadi leo. Ukiweka kiganja juu ya mkono wa namna hiyo unasikia mtetemo, kama paka anayekoroma.

Sasa hapa ndipo swali la mama wa Muheza lilipozaliwa. Kabla ya Shields, hakuna aliyeuliza nani apewe mashine, maana haikumfaa yeyote mwenye ugonjwa sugu. Baada ya Shields, wagonjwa walikuwa wengi na vitanda vichache. Kituo cha Seattle kilipofunguliwa mwaka 1962 kiliweza kuchukua watu wachache tu, na gharama zilikuwa kubwa. Madaktari wakasema: sisi tutapima nani anafaa kwa upande wa afya, lakini nani kati yao aishi, hilo si letu. Ikaundwa kamati ya raia saba. Alikuwamo mwanasheria, mchungaji, mtu wa benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali ya jimbo, kiongozi wa chama cha wafanyakazi na daktari wa upasuaji. Majina yao hayakutangazwa.

Walifanya kazi yao kwa dhamiri, sina shaka. Hawakulipwa, na wengine iliwanyima usingizi. Lakini walipima nini? Watoto hawakupokelewa, wala watu waliopita miaka 45. Kwa waliobaki, waliangalia umri, ndoa, idadi ya watoto, kipato, elimu, kazi, tabia, hata mchango wa mtu kanisani na katika mambo ya mji. Mwezi Novemba 1962 mwandishi Shana Alexander aliieleza kamati hiyo katika gazeti la Life, na Wamarekani wakashtuka. Katika mazungumzo aliyoyaandika, wajumbe walifikia hata kupima mjane yupi angepata mume mwingine kwa urahisi, mwenye watoto watatu au mwenye sita.

Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza, niliifunga nikatoka nje. Niliijua ile kamati. Nilikwisha kukaa ndani yake.

Mwaka 2008 kaka yangu, mkubwa kwangu kwa miaka sita, aliambiwa figo zake zimekwisha. Alikuwa dereva wa malori ya masafa. Presha alikuwa nayo na dawa hakuzifuata, na kwa mgongo uliokuwa ukimuuma kwa safari ndefu alikuwa akimeza vidonge vya maumivu kila siku bila kumuuliza daktari, jambo ambalo figo hazilipendi hata kidogo. Tukampeleka Dar es Salaam. Kusafishwa damu mara moja kulikula zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa mwezi, naye alitakiwa mara tatu kwa wiki. Bima hakuwa nayo. Tukauza ng'ombe wa mama, kisha kiwanja chake mwenyewe. Jamaa na madereva wenzake wakachanga. Mwezi wa tano fedha zikakauka.

Baba mdogo akaita kikao. Tulikaa mkekani watu tisa, ukumbini kwake. Kaka hakuitwa, alikuwa nyumba ya pili, amelala. Hakuna aliyetamka neno kufa. Tulizungumza ada za shule. Tulizungumza shamba la minazi, kama liuzwe au lisiuzwe. Kisha mmoja akasema, na hakusema kwa ubaya, kwamba marehemu baba aliliacha lile shamba kwa wajukuu wote, na kwamba kaka ujana wake ameula barabarani, ana wake wawili na nyumba hana. Mwingine akauliza, ukoo umepata nini kwake? Shangazi peke yake ndiye aliyesema: "Mnamhesabia nini mwenzenu kama aliyekwisha kufa?" Hakujibiwa.

Mimi sikusema kitu. Nilikuwa na bati hamsini stoo, nimezinunua kidogo kidogo kwa nyumba yangu. Sikuzitaja.

Ikaamuliwa kaka asafishwe mara moja kwa wiki, "kwa sasa". Nilipokwenda kumpa habari alikuwa ameketi kitandani. Akaniuliza, "Mmesemaje?" Nikamwambia mara moja kwa wiki, kwa sasa. Akatikisa kichwa, akanipa mkono wake wa kushoto niushike, ule wenye mtetemo, kama alivyozoea kuwachezea watoto. Alifariki kabla ya Ramadhani.

Basi mama, jibu la swali lako la pili ni kwamba ndiyo, imetokea hivyo, na mimi ni shahidi. Lakini hailazimiki kuwa hivyo, na historia yenyewe inaonyesha. Yule mwanamke wa Kampen, mzee, mfungwa, adui wa watu wa mji wake, hakuna kamati ya Seattle ambayo ingempitisha, wala kikao cha ukoo wetu. Aliokoka kwa sababu Kolff alimwangalia kama mgonjwa, basi.

Marekani nao waliiacha ile njia, ila si kwa kupata wajumbe wenye hekima zaidi. Novemba 1971 mgonjwa mmoja, Shep Glazer, alisafishwa damu mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wabunge wakitazama. Oktoba 1972 Rais Nixon alitia sahihi sheria iliyofanya serikali igharimie matibabu hayo kwa karibu kila mwenye ugonjwa huo, ikaanza kazi Julai 1973. Gharama zilipita makisio, na hadi leo wanalalamika. Hata hivyo, hakuna tena mchungaji na mtu wa benki wanaohesabu watoto wa mtu.

Nisiwadanganye kwamba fedha hutafutwa zikapatikana kila mahali. Mwaka 1997, kule Durban, Afrika Kusini, mgonjwa Thiagraj Soobramoney alikataliwa mashine katika hospitali ya serikali kwa kuwa alikuwa pia na kisukari na ugonjwa wa moyo, na nafasi ziliwekwa kwa wale wanaoweza kupandikizwa figo. Alikwenda hadi Mahakama ya Katiba. Mahakama ilimhurumia, lakini ikasema dola haina uwezo wa kumpa kila mmoja. Alifariki siku chache baada ya hukumu. Mimi hukumu ile sijaweza kuiita ya kikatili, ingawa nimejaribu. Tofauti yake na kikao chetu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na mlango wa kubisha, na sababu zilisemwa hadharani.

Kwetu mambo yamesogea tangu mwaka 2008. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kabla ya hapo mtu wa kupandikizwa alikuwa akisafirishwa, aghalabu India. Kenya nayo, katikati ya miaka ya 2010, bima ya taifa ya hospitali ilianza kulipia usafishaji damu. Mashine zimefika katika miji ambayo zamani haikuwa nayo. Bei bado inamwelemea asiye na bima.

Kwa hiyo, mama, nakuandikia kama ninavyotamani mtu angetuandikia sisi. Fundi bado hajafika kwenye mashine, na wengine huchukua miaka mingi kufika, wengine hawafiki. Presha yake ishushwe na ibaki chini. Dawa ni za kila siku, hata akijisikia mzima. Chumvi ipunguzwe. Vidonge vya maumivu vya dukani na mizizi ya kuchemsha asitumie bila daktari kujua. Madafu ambayo watu watamletea wakisema yanasafisha figo, amuulize daktari kwanza, kwa sababu yana potasiamu nyingi, na figo dhaifu zikishindwa kuitoa inaweza kuusimamisha moyo. Ndizi na maharage vivyo hivyo. Si kwamba ni haramu, ni kipimo tu, na kipimo hutoka kwenye damu yake, si kwa jirani.

Bima itafuteni sasa, mkaulize kwa kinywa inalipia nini na mara ngapi kwa wiki. Mishipa ya mkono hutakiwa kuunganishwa wiki nyingi kabla ya kuhitajika ili ikomae, kwa hiyo daktari akilitaja jambo hilo, msiahirishe kwa kuogopa kisu. Nanyi watoto na ndugu mpimwe damu, na suala la kutoa figo lizungumzwe mapema, bila mtu kulazimishwa.

Na siku ukoo ukiita kikao, mama, mumeo aitwe. Atandikiwe mkekani pamoja na wengine, asikie kila kitu, na wanaosema waseme akiwa anawatazama.

Niandikie tena uniambie presha ya fundi imefika ngapi. Kwaherini.